Kitanda cha Kwenda Saba Saba

Bwana shamba Theonest alikuja na utepe wa kupimia mfukoni, na hapo ndipo alipoharibu. Angekuja mikono mitupu, akakaa, akanywa maji, akauliza habari za ng'ombe na za pamba, pengine Melania angemsikiliza. Lakini mtu anaingia kwenye mji wa watu, nyumbani kwao, salamu hazijaisha, anatoa utepe na kuuliza, "Mama Bernadina, mtoto ana urefu gani toka kiunoni mpaka gotini?" Jamani! Hivyo ndivyo wanavyopimwa watu waliokwisha kufa.

"Unampima ili iweje?" Melania aliuliza.

"Kwa ajili ya kiti, mama. Kiti cha kwenye tela."

"Tela la nini?"

"La trekta."

Melania aliweka ungo chini. Ulikuwa mwezi wa sita, mwaka themanini na moja. Pamba ilikuwa imeshavunwa, na mlangoni kwake kulikuwa na rundo lililofika kiunoni. Kando ya rundo, juu ya ngozi ya ng'ombe, alikaa Bernadina mwenyewe, binti wa miaka ishirini, akitenga pamba safi na pamba fifi, ile chafu, bila hata kuangalia vidole vyake. Mikono yake ilikuwa na nguvu kama ya mwanamume. Miguu ilikuwa imelala tangu ana miaka mitano, ugonjwa wa kupooza ulipopita kijijini na kukamata watoto watatu. Wenzake wawili walikufa.

Theonest alieleza vizuri, kwa Kiswahili kilichonyooka cha watu waliosoma. Alikuwa kijana wa Bukoba, shati limepigwa pasi, na Melania hakuwahi kumwamini mtu anayepiga pasi shati la kwendea shambani. Mwaka huu, alisema, dunia nzima imeutangaza kuwa ni Mwaka wa Walemavu. Kwa hiyo kata itapeleka watu wake wanne kwenye maonyesho ya Saba Saba mjini Shinyanga. Tarehe sita asubuhi trekta litawapeleka Isaka stesheni. Watapanda treni ya saa nne. Watalala kwenye mabweni ya shule, shule imefungwa. Tarehe saba watakaa mbele kabisa, chini ya turubai, karibu na uwanja wa mifugo na ngoma, wasikanyagwe na watu. Na kuna fundi anakuja kutoka Mwanza na baiskeli ya miguu mitatu.

"Ya kuendesha kwa mikono," alimwambia Bernadina. "Mtu anakaa, anazungusha hapa mbele, inakwenda. Ukitaka kuijaribu, unaijaribu."

Vidole vya Bernadina vilisimama. Melania aliviona vikisimama.

"Kwa mikono tu?" Bernadina aliuliza.

"Kwa mikono tu."

"Nani anagharamia yote haya?" Melania aliingilia.

"Serikali, mama, na ushirika kidogo."

"Kwa nini?"

"Kwa nini... kivipi?"

"Kwa nini mumpeleke bure? Nikienda mimi, mzima, naambiwa nijitegemee. Huyu ana nini hata mumpeleke bure?"

Kijana aliukunja utepe wake, akaukunjua. Hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza swali hilo. Wengine watatu walishukuru tu. Melania aliona alivyokosa jibu, na akaliweka hilo moyoni.

"Na atajisaidia wapi humo kwenye tela?"

Theonest akaona haya mpaka masikioni. Akatoa daftari, akaandika. "Hilo nitalifanyia kazi, mama."

Alipokuwa akiondoka aliacha kipande cha sabuni juu ya kinu. Hakusema neno, na alidhani anafanya wema, maana mwaka ule duka la kijiji lilikaa miezi bila sabuni. Melania alikitazama kipande kile kama mtu aliyetukanwa mlangoni kwake.

"Anasema tunanuka," alimwambia binti yake.

"Amesema, mayu?" Bernadina alimwuliza mama yake. "Mimi sikumsikia."

"Wewe ulikuwa unasikiliza baiskeli."

*

Jioni, Ngassa aliporudi na ng'ombe, Melania hakumngoja hata anawe.

"Wanataka kumpakia mtoto kwenye trekta."

"Nimeambiwa njiani," Ngassa alisema. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyasema polepole. "Ni jambo jema."

"Jambo jema! Umesahau na mama yako alipakiwa kwenye nini?"

Ngassa hakuwa amesahau. Mwaka wa sabini na nne, watu wa kuhamisha watu vijijini walikuja na trekta na tela. Walisema wazee wasioweza kutembea watangulie, wapate kupumzika, wengine watafuata baada ya saa mbili. Mama yake Ngassa alipakiwa wa kwanza, amefurahi, anawapungia mkono. Waliobaki walifuata baada ya siku tatu. Walimkuta chini ya mgunga kwenye kiwanja kitupu, amelowa mvua, na haikupita wiki wakamzika.

"Lile trekta lilikuwa la bluu," Ngassa alisema. "Hili ni jekundu."

"Rangi hupakwa."

"Melania."

"Rangi hupakwa! Na huyo bwana shamba, kijana asiye na mke, anapima viuno vya mabinti za watu, wewe unaniambia jambo jema. Na kule Segese wachimba dhahabu wana waganga wao, unayasikia yanayosemwa juu ya viungo vya watu. Leo mtoto wangu ambaye miaka kumi na mitano hakuna aliyeuliza kama amekula, ghafla dunia nzima imemtangazia mwaka. Mimi sioni. Nisaidie wewe unayeona."

Kutoka ndani, nyuma ya ukuta, sauti ya Bernadina ikaja, kavu.

"Mnasema juu yangu kama ng'ombe wa mahari. Nipo huku. Nasikia."

Wote wawili wakageukia ukuta.

"Kila mwaka mnakwenda Saba Saba nyie," Bernadina aliendelea. "Mnarudi mmechoka, mnaniletea pipi, mnanisimulia. Dume la ng'ombe kubwa kama nyumba. Watu wa ngoma wamevaa chatu shingoni. Nimezishiba pipi, baba. Nataka nikaone mwenyewe. Na hiyo baiskeli nitaipanda, hata kama ni kuzunguka mara moja halafu wainyang'anye."

"Utakwenda," Melania alisema.

Na alisema kweli. Watu waliokuja kumsema baadaye hawakujua hilo: alikuwa ameamua tangu saa ile kwamba mtoto atakwenda. Asichokisema ni kwamba hatakwenda kwa trekta. Treni, sawa. Melania hakuwa na ugomvi na treni. Treni inafuata chuma chake, dereva hawezi kukata kona akaingia porini. Lakini kutoka nyumbani mpaka kwenye reli kulikuwa na maili saba, na maili hizo saba binti yake atazivuka kwenye mikono anayoijua yeye.

*

Tarehe sita alfajiri trekta lilisimama mbele ya ofisi ya kijiji, linanguruma. Melania alikwenda peke yake. Hakulisogelea, alisimama mbali kidogo, amejifunga khanga kifuani. Aliona turubai tu na watu wawili watatu wamekaa chini yake. Athanas, dereva, alikuwa anakaza kamba. Theonest alimwona, akaja mbio na uso wa furaha.

"Mwangaluka, mama! Yuko wapi? Tumfuate nyumbani?"

"Ana homa."

"Homa? Tangu lini?"

"Tangu jana."

"Basi nije nimwone. Tunaye mhudumu wa zahanati huku, anakwenda na sisi."

"Amelala," Melania alisema. "Ndiyo kwanza amelala. Ukimwamsha itampanda kichwani."

Theonest alisimama pale, mikono imelegea. Alisikitika kwa kweli, mtoto wa watu, na masikitiko yake ndiyo yaliyomzidishia Melania shaka. Huyu ana hasara gani Bernadina asipokwenda? Wamebaki watatu, kazi imempungukia, kwa nini asifurahi?

"Mpe pole sana," Theonest alisema. "Mwambie kiti chake..." Lakini Athanas alikuwa anapiga honi, na neno lililofuata halikusikika.

Melania alingoja mpaka moshi wa trekta ulipotelea barabarani, ndipo akarudi nyumbani. Bernadina alikuwa ameshaogeshwa, amepakwa mafuta, amevaa gauni lililoshonwa kwa ajili ya Krismasi. Alikuwa amekaa mlangoni amenyoosha shingo kuelekea njiani.

"Nimesikia trekta," alisema.

"Umesikia lori la pamba. Trekta halikuja," Melania alimwambia. "Unaona sasa? Nilisema mimi. Lakini usilie. Mama yako hakulala. Baba yako na baba zako wadogo watatu wanakuja, tunakubeba kwa kitanda mpaka Isaka, tunapanda treni ile ile."

Bernadina aliacha kuangalia njia.

"Kwa kitanda?"

"Kuna ubaya gani?"

*

Ubaya ulikuwepo, na kila mtu wa nchi ile angeuona mapema isipokuwa mtu ambaye akili yake yote imekwenda kwenye trekta. Huku, kitanda kikipita njiani juu ya mabega ya watu, hakuna anayekaa pembeni. Mwenye jembe anaweka jembe, mwenye ndoo anatua ndoo, wanafuata. Mwanamume anaingiza bega lake chini ya mti wa kubebea na kumwambia mwenzake pumzika. Na hakuna anayeuliza ni nani aliyelala juu. Kuuliza njiani ni kumwita marehemu ageuke akiwa katikati ya safari yake. Utaambiwa kitanda kikishatua.

Bernadina angekwenda ameketi, wangeona. Lakini Melania alimlaza, akamfunika khanga mbili kutoka kichwani mpaka miguuni. Vumbi, alisema. Sababu yenyewe ilikuwa macho ya watu. Miaka kumi na mitano hakuwapa watu nafasi ya kumtumbulia macho mtoto wake, na hakutaka kuanza kuwapa siku ya leo.

"Nakosa hewa," Bernadina alisema chini ya khanga.

"Tukipita miji hii nitakufunua."

Wakapita miji ile, na ikaja mingine. Kwenye mji wa kwanza wakaingia wanaume wawili. Kwenye kisima wakaingia wanawake sita, ndoo wameziacha. Ngassa alitaka kusema, akafungua mdomo, lakini mzee mmoja alikuwa ameshamtoa begani akimwambia, "Pumzika, baba, pole," na huwezi kumjibu mzee wa namna hiyo kwamba unakwenda kwenye maonyesho. Utaanzia wapi? Akaendelea kutembea nyuma. Wadogo zake watatu nao hivyo hivyo. Kila mji uliokuwa kando ya njia uliwasimamisha: kitanda kinatua kivulini, maji yanaletwa, wazee wanatoa pole kwa sauti ya chini, kitanda kinainuliwa. Kufika nusu ya njia walikuwa watu zaidi ya arobaini, na jua limeshapanda.

Melania alitembea ubavuni mwa kitanda akiwahesabia kila mtu ubaya wake moyoni. Huyu anafuata nini? Yule mwenye jicho moja mbona anasogea sogea? Alikuwa ameshika ncha ya khanga isije ikapeperuka.

Nyuma yao wanawake wawili walikuwa wakizungumza. Mmoja alikuwa mwenyeji wa kijiji jirani na alikuwa amemtambua Melania.

"Ni yule binti yake asiyetembea."

"Maskini."

"Maskini nini? Afadhali amepumzika. Na mama yake naye apumzike sasa."

Hayakusemwa kwa ubaya, na hicho ndicho kilichouma zaidi. Melania aliyasikia. Bernadina aliyasikia pia, maana khanga zile zilitupwa juu kama kitu kimelipuka, na Bernadina akainuka kwa mikono yake miwili, nywele zimetimka, gauni la Krismasi limekunjana, na kupiga kelele:

"Nani amepumzika? Sijapumzika mimi! Nakwenda Saba Saba!"

Ee! Hakuna anayeweza kueleza kilichofuata kwa mpangilio. Wanawake walitupa vilio hewani na kukimbilia kwenye mtama. Yule mwenye jicho moja alianguka. Wabebaji wawili waliachia miti, kitanda kikainama, na kama si Ngassa kukidaka kwa kifua, Bernadina angefika chini kichwa mbele. Watu walipotulia, wengine walicheka mpaka wakakaa. Wengine hawakucheka hata kidogo. Mzee aliyempokea Ngassa alikuja mbele ya Melania, jasho linamtoka.

"Mwanamke, umetubebesha maiti mzima?"

"Sikuwaita," Melania alisema.

"Tumeacha kazi zetu. Watu wamelia. Umemlaza mtoto chali, umemfunika uso, unatembea ubavuni umenuna. Sisi tufikiri nini? Kwa nini ulimficha?"

Alimwuliza mbele ya watu wote wale, wanawake wakitoka kwenye mtama mmoja mmoja wakikung'uta majani, na wote wakingoja jibu. Melania aliinama kuokota khanga zilizoanguka. Ikabidi Ngassa aombe radhi, na kuomba radhi kwa wazee si kitu cha neno moja. Ilibidi akae chini, aeleze kuanzia mwanzo, akemewe, asamehewe, na maji yanywewe. Walipoinua kitanda tena walikuwa wanne kama walivyoanza, na Bernadina ameketi wima juu yake, ameshika miti kwa mikono, anaangalia nchi. Hakulia.

Walikuwa bado mbali na stesheni waliposikia treni ikilia. Waliusikia mlio ule ukianza, ukipanda, ukienda zake upande wa Shinyanga.

*

Isaka saa tano na nusu mchana: makuli wamelala juu ya magunia, vumbi, mbuzi kwenye reli. Mwanamke mmoja wa Kiislamu, mnene, mtandio wa manjano kichwani, alikuwa na birika na sufuria ya maandazi kwenye kibanda kando ya jengo la tiketi. Makuli walimwita Bi Mwasiti. Aliona kitanda kinakuja, akaona aliyeketi juu yake, akatoa kigoda chake kivulini kabla hajaombwa.

"Karibuni, poleni. Treni imewaacha?"

"Imetuacha," Ngassa alisema.

"Ipo ya mizigo saa nane, ina mabehewa mawili ya abiria. Mimi naisubiri hiyo hiyo, nakwenda na maandazi yangu Saba Saba." Akamtazama Bernadina, akacheka. "Na wewe si ndiye yule mwenye homa?"

"Homa gani?" Bernadina aliuliza.

"Bwana shamba mmoja alikuwa hapa na wenzako watatu. Kanywa chai yangu nusu, kaiacha. Anauliza kila anayekuja, hamkuona watu na binti yao asiyetembea? Mama yake kaniambia ana homa, anasema, lakini labda itashuka, labda watakuja. Kakaa mlangoni mwa behewa mpaka treni inaondoka." Akanyoosha kidole. "Na trekta lao si lile pale, dereva amelala chini yake."

Wote waligeuka.

Trekta jekundu lilikuwa chini ya mti ng'ambo ya reli, na tela lake nyuma, na safari hii Melania aliliona lote. Turubai lilikuwa limetandwa vizuri juu ya fito. Ubao mpana ulishuka kutoka kwenye tela mpaka chini, umepigiliwa vipande vya mbao kwa kukatia mwendo, mtu asiteleze. Viti vinne vilifungwa kwa kamba ubavuni. Kwenye kona ya nyuma palikuwa na pazia la gunia lililofunguliwa nusu, na nyuma ya pazia kigoda kilichotobolewa katikati, na ndoo yenye mfuniko chini yake. Theonest alikuwa amelifanyia kazi. Kwenye mgongo wa kiti cha nne, kilichokuwa kipana zaidi na chenye mikono, palikuwa pameandikwa kwa chaki BERNADINA N.

Bernadina alikuwa amesoma kidogo, kiasi cha darasa la pili, alichofundishwa jioni na baba yake. Jina lake alilijua.

"Homa ya nani, mayu?"

Melania alikuwa anafunga khanga ambayo haikufunguka.

"Ulisema trekta halikuja."

"Nilitaka..."

"Lilikuja?"

"Lilikuja."

"Ukawaambia ninaumwa. Ukaniambia hawakuja." Bernadina alisema taratibu, kama anayepanga pamba, hii huku, hii huku. "Nimelala chali nimefunikwa uso, watu wananililia, watu wanasema afadhali nimekufa, na kiti changu kimeandikwa jina kinapita barabarani kitupu."

"Bibi yako walimpakia hivyo hivyo!" Melania alilia. Sauti ilimtoka kubwa, makuli wakainua vichwa. "Hivyo hivyo, wanacheka, wana maneno mazuri! Mimi ndiye niliyemwosha, siyo wewe! Unataka nikutoe tu, nikae nyumbani ningoje siku tatu?"

"Mimi siyo bibi."

"Na mimi nilikuwa nakuleta! Si nimekuleta? Tumetoka nyumbani asubuhi asubuhi, baba yako bega limechubuka..."

"Ulikuwa unanileta," Bernadina alikubali. "Umenifunika."

Melania alimgeukia mumewe. Ngassa alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, shati limevuliwa, bega jekundu, anaangalia lile tela. Yeye naye alikuwa ameambiwa kwamba trekta halikuja. Bi Mwasiti akaacha kugeuza maandazi.

"Basi turudi," Melania alisema. "Watu wametuona vya kutosha leo. Mwakani, Mungu akijalia..."

"Rudini," Bernadina alisema. "Mimi nakwenda na ya saa nane."

"Na nani?"

"Na treni."

"Nani atakubeba? Nani atakupeleka uani? Utalala wapi, unamjua nani Shinyanga?"

"Namjua bwana shamba. Wenzangu wapo. Na huyu mama anakwenda." Akamgeukia Bi Mwasiti, na uso wake ulikuwa umeiva kwa aibu, maana hili hakuwahi kulifanya maishani mwake: "Mama, samahani. Nikipanda na wewe, utanisaidia mpaka nimpate yule bwana?"

"Nitakusaidia, mwanangu. Kwa nini nisikusaidie?"

"Tunamjua huyu?" Melania alimwuliza Ngassa kwa Kisukuma, kwa haraka.

Ngassa aliinuka. Alikwenda kwenye dirisha la tiketi, akachomoa mfukoni kitambaa alichofungia pesa, na kukata tiketi moja.

*

Treni ya mizigo ilifika na kuchelewa kwake kwa kawaida. Melania alisogea kwenye kigoda, akainama, akaingiza mikono chini ya makwapa ya binti yake kama alivyofanya kila asubuhi kwa miaka kumi na mitano.

"Hapana, mayu," Bernadina alisema. "Leo hapana."

Mikono ikabaki hewani. Bernadina alimwita Athanas, dereva wa trekta, ambaye alikuwa ameamka na kusimama pale akijikuna kichwa bila kuelewa mtu mwenye homa ametokea wapi. Akamwomba alete kile kiti na ule ubao. Athanas akaleta, na kuli mmoja akamsaidia. Bernadina aliwaelekeza: inueni, subirini, sasa. Kuli alifanya mzaha, kwamba hajawahi kupakia mzigo unaotoa amri, na Bernadina alicheka. Melania alisikia kicheko kile kikitokea ndani ya behewa, kati ya watu asiowajua hata mmoja.

Bi Mwasiti alipanda na masufuria yake, akaketi karibu na Bernadina dirishani. Breki zikafunguka. Melania akaanza kutembea sambamba na dirisha, kwanza polepole, halafu kwa haraka.

"Bi Mwasiti! Goti la kushoto usilivute, ukilivuta linatoka mahali pake! Mshike kwapani, siyo mikononi! Maji ya baridi usimwogeshe mgongo! Na akinyamaza sana ujue amebanwa na haja, yeye hasemi, anaona haya, wewe mpeleke tu..."

Behewa zima liligeuka. Abiria waliokuwa wanakula waliacha kula. Bernadina alifunika uso kwa viganja, halafu akavitoa, akatoa kichwa dirishani.

"Mayu!" alisema. "Nitasema mwenyewe!"

Treni ikachukua kasi. Mabehewa ya magunia yakampita Melania moja baada ya jingine, yeye bado anatembea, bado anasema.

"Hasemi," alimwambia Ngassa, aliyekuwa amemfuata nyuma. "Wewe humjui. Miaka yote hii hajawahi kusema."

"Hujawahi kumngoja aseme," Ngassa alisema.

Alisema bila hasira, akarudi kwenda kufungua miti ya kitanda. Melania aliendelea kusimama pale pale kwenye kokoto za reli, kwapa la gauni lake limelowa jasho, anaangalia upande wa Shinyanga. Habari ya maji ya kunywa, kwamba asipewe mengi jioni, hakuwa amepata nafasi ya kuisema.